Kutoka Ubao wa Duksi hadi Kitabu Teule: Historia ya Msomaji wa Kiswahili Katika Ijara

Matokeo ya KCSE yanapotangazwa, hakukosekani mwalimu wa kusema kwamba wanafunzi wa Kaskazini Mashariki hawana msingi wa fasihi. Kauli hii nimeisikia katika vyumba vya walimu, katika warsha na njiani ndani ya basi. Nami pia niliitoa nilipofika Ijara kufundisha kwa mara ya kwanza. Makala haya yanadhamiria kuipinga. Nitafanya hivyo kwa kumfuata msomaji wa Ijara tangu utotoni hadi chuoni, na kwa kuangalia historia iliyomfikisha darasani kwetu. Mwalimu asiyeijua historia hii atamfundisha mwanafunzi wake alifu kwa kijiti ilhali mwanafunzi mwenyewe amekwisha kuhitimu mahali pengine.

Ijara ni pembe ya kusini ya Garissa. Upande wa magharibi umepakana na mto Tana, na kusini kuna Lamu na msitu wa Boni. Ilikuwa wilaya kamili yenye makao yake Masalani kabla ya ugatuzi wa mwaka 2013 kuiweka chini ya kaunti ya Garissa. Wakazi wengi ni Wasomali wafugaji wa ng'ombe, na karibu na msitu wamo Waboni, ambao wenyewe hujiita Waaweer. Ng'ambo ya mto, upande wa Hola, wanaishi Wapokomo. Wanaisimu wanakiweka Kipokomo katika kundi la lugha za Sabaki, kundi lilelile la Kiswahili na lugha za Mijikenda. Hivyo basi, mtoto wa Masalani akisimama ukingoni mwa Tana anasikia ng'ambo lugha iliyo ndugu wa damu wa Kiswahili. Wanaokichukulia Kiswahili kuwa mgeni aliyeletwa Ijara na lori kutoka Nairobi wanasahau jambo hili.

Wanasahau pia Fumo Liyongo. Wataalamu wanahitilafiana kuhusu karne aliyoishi, lakini masimulizi yanakubaliana kwamba makazi yake yalikuwa Pate, Ozi na sehemu za mdomo wa Tana, na kaburi linalosemekana kuwa lake liko Kipini. Katika utendi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, Liyongo anapokimbia hila za mfalme anaingia bara, kwa watu wa mwituni, Wasanye na Wadahalo. Hao ndio wanaotumwa kumwangamiza kwa njama ya kikoa: kila mmoja apande mkoma zamu yake na kuwaangushia wenzake makoma, na zamu ya Liyongo ikifika, apigwe mishale akiwa juu. Liyongo hapandi. Anayaangusha makoma kwa mishale yake akiwa chini.

Nilifundisha kisa hiki kwa miaka miwili katika shule ya mkoa mwingine. Kila mara nililazimika kuchora mkoma ubaoni, na mchoro wangu haukuwa mzuri. Ijara sikuchora chochote. Mikoma imejaa kandokando ya Tana, na wanafunzi walikuwa wametafuna makoma tangu walipoota meno. Kijana mmoja wa kidato cha pili aliuliza swali ambalo sijaliona katika mwongozo wowote: je, Wadahalo hawakujua kwamba mkoma ukiwa mrefu ni vigumu kumlenga mtu aliye kwenye makuti? Tulibishana kipindi kizima. Alikuwa akiihakiki njama, yaani ploti, bila kulijua neno lenyewe.

Sasa turudi kwenye utoto. Mtoto wa Ijara hukutana na maandishi kabla ya kuiona shule, na hukutana nayo duksini, kwa maalim. Anapewa ubao mrefu wa mti ambao Wasomali huuita loox, na kalamu ya kijiti. Wino ni wa makaa yaliyosagwa na kuchanganywa na maji na utomvu. Aya ikishaandikwa husomwa kwa sauti mpaka ikakaa kifuani, kisha ubao unaoshwa na kuanikwa tayari kwa aya nyingine. Herufi na irabu za Kiarabu hufundishwa kwa Kisomali, kwa mbinu ambayo mapokeo yanaihusisha na Sheikh Yusuf al-Kowneyn, aliyeishi karne nyingi zilizopita. Mtoto anaghani kwa Kisomali kwamba alif hii ina alama juu, hii chini, na hii imepinda. Ni mbinu nyepesi, na imefundisha vizazi vingi kusoma bila karatasi hata moja.

Mambo mawili yanatokana na elimu hiyo, na yote mawili yanatuhusu sisi walimu wa fasihi. La kwanza ni kwamba mtoto huyu anakuja shuleni akiamini kuwa andiko ni kitu cha kuhifadhiwa neno kwa neno. Hii ni nguvu kubwa. Nimeona wanafunzi wakikariri shairi la beti saba kwa usiku mmoja. Lakini ni hatari pia, kwa sababu riwaya haihifadhiwi. Anayesoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed kwa jicho la duksi ataweza kukusimulia kila tukio kwa mpangilio wake, kisha aulizwe kuhusu mhusika Maimuna, naye aanze tena kusimulia. Watahini huandika pembeni kwamba mtahiniwa "anasimulia tu". Si uvivu. Ni uaminifu kwa andiko ambao haujaonyeshwa njia nyingine.

La pili linahusu matamshi na hijai. Kisomali hakina sauti za p, v na z. Kwa hiyo utasikia "bamoja", "fitabu" na "sawadi", na utayaona makosa hayo katika insha, ambako yanapunguza alama. Walimu wengi huyacheka. Lakini Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, uliandikwa kwa hati hizo, na katika mapokeo hayo herufi moja ya b ilibeba b na p, na ile ya f ikabeba f na v. Msomaji alitegemea ujuzi wake wa lugha ili kubainisha. Ndiyo maana wataalamu kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyesaidia kuyahifadhi mashairi ya Muyaka katika karne ya 19, walihangaika kuzitia alama herufi hizo ili zitofautiane. Siku nilipoliandika ubaoni neno "pamoja" kwa herufi za Kiarabu, darasa zima lililisoma "bamoja". Nikawaambia kwamba hata Mswahili wa Pate aliliandika hivyohivyo, ila alijua kulitamka. Kicheko kilichofuata hakikuwa cha kumdhihaki mtu. Tangu siku hiyo tulianza kusahihisha p na b bila mtu kuinamisha kichwa.

Iweje basi lugha iliyo jirani namna hii ihisike kuwa ya mbali? Jibu liko katika historia ya utawala. Serikali ya kikoloni iliifunga sehemu kubwa ya kaskazini mwaka 1926, na mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Shule za serikali zilikuwa chache mno. Kiswahili kilichowafikia wafugaji kilikuwa cha askari, karani na mkalimani. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi mapatano ya mwaka 1967. Katika vita hivyo watu walikusanywa katika vijiji vya kulindwa na mifugo wengi wakapotea. Kanuni za hali ya hatari katika mkoa huu ziliendelea hadi 1991. Mwaka 1989 lilianza zoezi la kuwachuja Wasomali wa Kenya na kuwapa kadi za waridi ili wathibitishe uraia wao. Katika miaka yote hiyo Kiswahili kilisikika zaidi katika sentensi za kuamrisha: simama, toa kipande, keti chini. Mzazi mmoja aliwahi kuniambia kwamba alipokuwa mtoto, mbwa wao alikuwa akibweka akisikia Kiswahili. Sijui kama alitania.

Hili halipaswi kuchukuliwa kuwa la pembeni katika somo letu. Fasihi humtaka msomaji ailegeze nafsi yake mbele ya lugha, acheke nayo, aomboleze nayo. Mtu hawezi kuilegeza nafsi mbele ya lugha inayomwamrisha asimame. Mwalimu wa Kiswahili wa Ijara ana kazi ambayo mwenzake wa Kilifi hana: kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza pia kuuliza, kubembeleza na kunong'ona.

Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi. Faida yake haina ubishi, maana mtoto wa Hulugho na wa Kakamega walianza kufanya karatasi moja. Lakini mtihani ulizaa pia insha za kukariri. Kila mwalimu anazijua: jua linachomoza kwa mbwembwe, ndege wanatumbuiza, umande unameremeta kwenye majani kama lulu. Mwaka 2011, wakati wa ukame mkali uliozikumba nchi za Pembe ya Afrika, niliwapa kidato cha kwanza insha kuhusu ukame. Mvulana mmoja, ambaye familia yao ilikuwa imepoteza ng'ombe wengi mwezi uleule, aliianza insha yake kwa umande na ndege. Aya ya tatu ndipo ukame ulipotokea, nao ulipita kwa sentensi moja na methali mbili.

Nilimwita. Nikamwomba anisimulie kilichotokea, kwa Kisomali, huku mwenzake akinifasiria. Alisimulia safari ya usiku kuelekea mtoni, ng'ombe mmoja aliyekataa kuinuka, na baba yake aliyesimama kando yake hadi alfajiri bila kusema neno. Nikamwambia aandike hayohayo. Alirudi siku ya pili akiwa na tatizo ambalo sikulitarajia: alitumia neno "ng'ombe" mara 31. Kisomali kilikuwa kimempa majina ya mnyama huyo kwa umri, kwa jinsia na kwa hali, na Kiswahili alichofunzwa kilimpa moja tu. Basi tukaketi na kamusi. Tukapata ndama, mtamba, mbuguma, fahali na maksai. Ng'ombe aliyekataa kuinuka alikuwa mbuguma. Insha ya pili ilikuwa na makosa mengi zaidi ya sarufi kuliko ya kwanza, nami niliipa alama za juu zaidi. Mwenzangu wa idara hakukubaliana nami, na bado hatujakubaliana. Hoja yake ni kwamba mtahini wa Nairobi hatamjua baba yule wala mbuguma wake, atahesabu makosa tu. Ni hoja nzito, na sina jibu kamili, ila hili: mwanafunzi aliyewahi kuandika jambo lake mara moja atarudi kuandika tena, na sarufi hufundishika kwa anayerudi.

Vitabu navyo? Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa ilianzisha maktaba ya ngamia mjini Garissa. Ilianza na ngamia watatu. Mmoja hubeba masanduku mawili ya vitabu, yapata vitabu 400 kwa jumla, na mwingine hubeba hema. Msafara ukifika shuleni au kwenye makazi ya wafugaji, hema husimamishwa, mikeka hutandikwa, na watoto huazima vitabu vya kurejesha baada ya majuma mawili. Baadaye mpango huo ulifika Wajir pia, na habari zake zikaenea duniani hata mwandishi Mmarekani, Masha Hamilton, akatunga riwaya juu yake mwaka 2007. Sifa hizo zinastahili. Ila ngamia hutembea kilomita zipatazo 20 kutoka mjini, na Masalani iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Garissa. Watu wa Ijara waliisoma habari ya ngamia wa vitabu kama wasomaji wa London walivyoisoma. Masalani ilikuja kupata tawi lake la maktaba, nalo lilisaidia wale wa mjini. Mtoto wa Sangailu alibaki na kitabu kimoja cha kiada kwa wanafunzi kadhaa.

Upungufu huo ndio uliozaa utamaduni wa miongozo. Nakala tatu za riwaya teule zikigawanywa kwa wanafunzi 40, kila mmoja atauendea mwongozo, maana mwongozo ni mwembamba na hunakiliwa kwa mkono. Nimewahi kusahihisha majibu kuhusu Siku Njema ya Ken Walibora ambayo yalitaja "dhamira", "maudhui" na "mbinu za lugha" kwa mpangilio mzuri kabisa, na hapakuwa na jibu hata moja lililotaja Kongowea alihisi nini alipotoka Tanga kwenda kumtafuta baba asiyemjua. Mtahiniwa unayesoma makala haya, usidhani kwamba mtahini haoni. Jibu lililotoka katika mwongozo lina harufu yake. Darasani kwangu tulipata njia moja ya kuipunguza shida: msomaji mmoja alisoma sura kwa sauti jioni, wengine wakisikiliza, kama duksi isemavyo, ila baada ya kila sura mtu mmoja alipaswa kuikosoa tabia ya mhusika mmoja. Hapo ndipo masikio ya duksi yalipogeuka kuwa macho ya uhakiki.

Katika fasihi simulizi na ushairi, mwanafunzi wa Ijara ni tajiri, na inasikitisha kuona utajiri huo ukiachwa nje ya lango. Hadithi zao hufunguliwa kwa mtambaji kusema "sheeko sheeko" na hadhira kujibu "sheeko xariir", sawa na paukwa na pakawa. Dhegdheer, mwanamke mla watu mwenye sikio refu, ni jamaa wa mazimwi wetu. Araweelo, malkia aliyewatesa wanaume, anaweza kuwa mada ya mjadala wa usawiri wa wanawake kwa mwezi mzima. Igal Shidad, mwoga mashuhuri wa visa vya kuchekesha, ni mfano bora wa kejeli. Swali la fasihi simulizi katika karatasi ya tatu halisemi mifano itoke Pwani au Magharibi.

Kwenye ushairi, nimeona mbinu hii ikifaa kuliko nyingine zote. Wasomali wana gabay, utungo mzito ambao kwa desturi ni wa wanaume, na buraanbur, utungo wa wanawake. Sharti kuu la gabay ni kwamba sauti moja iliyochaguliwa lazima ianze angalau neno moja katika kila kipande cha mshororo, tangu mwanzo wa utungo hadi mwisho. Akichagua b, ni b mpaka amalize. Shairi la Kiswahili la arudhi huweka urari wake mwishoni mwa vipande: vina vya kati na vya mwisho, na mizani nane kwa nane. Nikachora mshororo ubaoni na kuugawa ukwapi na utao, kisha nikauliza: Msomali anafunga kamba yake wapi? Mwanzoni mwa neno, wakajibu. Mswahili anaifunga wapi? Mwishoni. Vina, somo ambalo huchukua majuma, lilieleweka kwa nusu saa. Msichana mmoja, ambaye nyanya yake alikuwa akitunga buraanbur za arusi, alileta ubeti wa tarbia wenye vina kamili na juu yake takriri ya m kila kipande. Ulikuwa na mizani saba katika mshororo wa tatu. Tuliurekebisha, lakini nakiri niliona uchungu kuugusa.

Elimu ya chuo nitaizungumzia kwa ufupi, kwa sababu historia yake ni fupi na ina jeraha. Mwaka 2011 Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa kilianzishwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha walimu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa humo na magaidi wa Al-Shabaab. Masomo yalirejea Januari 2016, na mwaka 2017 kikawa chuo kikuu kamili. Kabla ya hapo, Novemba 2014, watu 28 walikuwa wameuawa katika basi karibu na Mandera, walimu wakiwamo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti ya Garissa. Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji wa kaunti za Garissa, Wajir na Mandera.

Siwalaumu walioondoka. Nami niliondoka. Lakini hesabu ni rahisi: walimu wengi wa Kiswahili walikuwa watu wa kutoka nje, kwa hiyo somo lililoumia mapema ni Kiswahili. Baadhi ya madarasa yalishikwa na vijana waliomaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Wengine waliweza vizuri kuliko tulivyotarajia, hasa wale waliokuwa wamesoma vitabu vyenyewe na si miongozo. Pamoja na hayo, mtu hawezi kukua kama msomaji ikiwa kila muhula anakutana na mwalimu mpya anayeanzia ukurasa wa kwanza.

Yule mvulana wa mbuguma alisomea ualimu, na somo lake la kwanza ni Kiswahili. Tunazungumza kwa simu, ingawa si mara nyingi. Wakati wa ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilipokosa kunyesha mfululizo, alinipigia kuniuliza neno. Alikuwa akiandika hadithi fupi kuhusu baba yake na alihitaji jina la rangi ya ng'ombe, nyekundu iliyofifia yenye weupe wa chini ya tumbo. Kisomali kinalo. Nikatafuta katika kamusi mbili, sikuliona, nikampigia mzee mmoja wa Lamu, naye hakulijua. Nikamwambia aliandike lile la Kisomali, bila mabano na bila maelezo, amwonyeshe tu ng'ombe mwenyewe akinywa maji ili msomaji aione rangi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mhariri atakubali. Nilimwambia apeleke kwanza.